Siku Kama ya Leo: mwongozo kamili wa kuendesha kipindi cha muziki mchanganyiko redioni, Unguja na Pemba

Muziki mchanganyiko si mgeni kwetu. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ilikuja kutoka Misri enzi za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kuipiga. Fidla na akodiani zikaja kwa njia zao. Nyimbo za filamu za Kihindi zikavishwa maneno ya Kiswahili, rumba na bolero zikaingia ndani ya taarab zikawa wizani, yaani mapigo yake. Mtoto aliyekulia Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, aliweza kusikia dufu asubuhi, sauti ya Lata Mangeshkar mchana kutoka dirisha la jirani, na gitaa la Kongo jioni, asione ajabu yoyote.

Kwa hiyo ukitaka kuanzisha kipindi kinachopiga kila aina ya muziki, usiogope kwamba watu watakikataa. Kinachomkera msikilizaji ni mchanganyiko usio na sababu: taarab, kisha hip hop, kisha bluzi, na mtangazaji katikati akisema tu "na sasa tunaendelea".

Sababu ninayoitumia mimi ni tarehe. Kila asubuhi natoa "Siku kama ya leo", dakika moja na nusu, tukio moja au mawili ya historia ya muziki yaliyotokea tarehe hiyo. Usiku, saa tatu, kipindi kizima kinajengwa juu ya tukio hilo. Nitaeleza kazi hiyo tangu kadi ya kwanza mpaka simu ya mwisho, na nitakaa zaidi kwenye tarehe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Hatua ya kwanza: chagua saa inayoheshimu siku ya watu

Kipande cha asubuhi kiweke baada ya taarifa ya habari ya saa moja, watu wakiwa kwenye chai au ndani ya gari za abiria. Usikiweke karibu na adhuhuri, maana muda wa adhana unasogea mwaka mzima na utalazimika kukatisha katikati ya sentensi. Kipindi kirefu kiweke saa tatu usiku. Isha imeshasaliwa, watoto wa skuli wameshamaliza kazi zao, na wazee wamerudi kutoka barazani.

Ramadhani panga mapema. Muziki wa kawaida unapumzishwa, na kipande cha asubuhi kinaweza kubaki kikazungumzia kasida, maulidi ya homu na historia ya dufu, bila ala za starehe. Sikukuu ya Idi ndiyo siku ya kurudi kwa nguvu, kama vilabu vya taarab vyenyewe vinavyorudi jukwaani.

Hatua ya pili: jaza sanduku la kadi

Tafuta sanduku, liwe hata la viatu, na kadi 366. Ndiyo, kadi za karatasi. Kwenye kompyuta weka nakala, lakini kadi unaingia nayo studio, unaandika pembeni kwa kalamu, na umeme ukikatika bado iko mkononi. Juu andika tarehe bila mwaka. Chini yake matukio, kila tukio na mwaka wake, na nyuma ya kadi andika umelipata wapi.

Kila kadi iwe na nafasi tatu: la hapa kwetu na mwambao, la Afrika, na la ng'ambo ya bahari. Si lazima zote zijae. Kadi yangu ya 8 Julai ina jambo moja tu na linatosha: mwaka 1950 alifariki Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi santuri za kampuni ya HMV kwa Kiswahili. Tarehe 5 Septemba ni ya Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Tarehe 12 Oktoba, mwaka 1989, ni kifo cha Franco Luambo wa Kongo. Tarehe 2 Agosti, mwaka 1997, ni cha Fela Kuti wa Nigeria. Tarehe 31 Julai, mwaka 1980, Mohammed Rafi, mwimbaji wa filamu za Kihindi.

Utaona jambo: vifo vingi. Hiyo ni kwa sababu tarehe ya kufa ni rahisi kuithibitisha kuliko ya kuzaliwa. Mtu akifa ameshakuwa mashuhuri, magazeti yanaandika. Alipozaliwa alikuwa mtoto wa mtu tu. Mwaka aliozaliwa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, unatajwa kwa namna mbalimbali, lakini kila mtu anakubaliana kwamba alifariki 3 Februari 1975. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi, mwenyewe alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa 4 Julai 1900, hadi hati ya ubatizo ilipoonekana ikasema 4 Agosti 1901.

Lakini ukisoma vifo tu kila asubuhi, kipindi kitageuka tangazo la msiba. Tafuta pia siku za kurekodi, za kufunguliwa kumbi, za tamasha kubwa, za wimbo kutoka kwa mara ya kwanza. Tarehe 13 Julai 1985 ni siku ya Live Aid, pale Wembley. Tarehe 31 Oktoba 1975 ndiyo siku Queen, bendi ya Freddie Mercury, walipoutoa wimbo wa Bohemian Rhapsody. Matukio yenye mwaka bila siku usiyatupe: kilabu cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, kile cha Culture Musical Club 1958, redio ya Sauti ya Unguja ilianza kutangaza 1951, tamasha la Sauti za Busara lilifanyika mara ya kwanza 2004. Yaweke kwenye bahasha ya pembeni, uyatoe siku ambayo kadi haina kitu. Usiyabunie tarehe.

Hatua ya tatu: hakiki tarehe kabla haijatoka mdomoni

Mwaka wangu wa mwanzo nilisoma hewani tarehe ya kufariki mpiga fidla mmoja wa Pemba. Nilikuwa nimemuuliza jamaa yake, akaniambia "alikufa usiku wa Ijumaa". Nikafungua kalenda, nikaitafuta Ijumaa ya wiki ile, nikaandika. Kipindi hakijesha simu ikalia, bibi mmoja kutoka Wete.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyo uliyemtaja tulimzika Ijumaa kabla ya sala ya Ijumaa. Wewe unasema Ijumaa usiku alikuwa hai?"

Nilinyamaza. Kisha nikaelewa. Kwetu siku inaanza jua likitua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ukutani inauita Alkhamisi. Jamaa alisema kweli, mimi ndiye niliyeandika vibaya. Kesho yake asubuhi nilisahihisha hewani na nikamtaja bibi wa Wete kwa shukrani. Tangu siku hiyo nimejiwekea masharti haya.

Mzee akikutajia usiku, muulize: "Usiku wa kuamkia siku gani?" Na muulize alizikwa lini, maana siku ya mazishi watu huikumbuka vizuri kuliko saa ya kufa.

Akikutajia mwezi wa Kiislamu, mfano Mfunguo Sita au Rajabu, andika kama alivyosema, kisha badilisha kwa kalenda baadaye, ukiwa umetulia. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya miladia. Mtu anayesema "miaka sitini iliyopita" anaweza kuwa anahesabu Ramadhani. Na hata ukibadilisha kwa hesabu nzuri, siku moja inaweza kupishana kwa sababu ya kuandama kwa mwezi, kwa hiyo tafuta siku ya wiki ikuthibitishie.

Saa nazo ni mtego. Taarifa ya kigeni ikisema saa 2 usiku ina maana ya saa nane zetu, na tayari tarehe imeshabadilika kwao.

Kila tukio lipate mashahidi wawili wasiojuana. Mitandao kumi iliyonakiliana ni shahidi mmoja. Jalada la kanda nalo ni shahidi dhaifu. Mara nyingi mwaka uliochapwa pale ni wa kunakiliwa kanda, si wa kurekodiwa wimbo. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uliza magazeti ya zamani: Al-Falaq, Samachar, Gazeti la Serikali. Matangazo ya maonyesho ya taarab na ya sinema utayakuta humo, na tarehe yake iko juu ya ukurasa. Siku nzima itakupa matukio manne au matano tu, lakini ni manne ambayo hakuna kituo kingine kilicho nayo.

Usipopata shahidi wa pili, sema mwaka tu uache siku. Ukikosa na mwaka, kadi ibaki sandukuni.

Hatua ya nne: andika dakika moja na nusu

Mimi husoma kiasi cha maneno 110 kwa dakika, kwa hiyo maneno 165 ndiyo mwisho wangu. Jipime mwenyewe kwa saa. Anza na tarehe na mtu, usianze na "katika historia ya muziki duniani". Weka kitu kimoja kinachoonekana kwa macho ya moyo: bendera, jahazi, mvua, kanzu. Malizia kwa kuwaita usiku. Hii hapa ya 17 Aprili kama ninavyoisoma:

"Siku kama ya leo, tarehe 17 Aprili 2013, Unguja ilimpoteza Fatuma binti Baraka, ambaye sote tulimwita Bi Kidude. Aliimba taarab, akapiga ngoma ya unyago, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX ya muziki wa dunia. Mwaka aliozaliwa haujulikani kwa hakika, lakini siku aliyoondoka tunaijua. Miaka 33 kabla ya siku hiyo, jioni ya 17 Aprili 1980, Bob Marley alikuwa katika uwanja wa Rufaro, mji ambao leo unaitwa Harare. Watu walikuwa wanasubiri saa sita ya usiku, bendera ya Uingereza ishushwe na ya Zimbabwe ipande. Waliobaki nje wakasukuma kuingia, polisi wakapiga mabomu ya machozi, moshi ukafika hadi jukwaani. Leo saa tatu usiku tutawasikiliza wote wawili, bibi wa Unguja na kijana wa Jamaica, na tutawasikiliza kwa ngoma zao."

Isome kwa sauti mara tatu kabla ya kuingia studio. Jina la kigeni linalokugonga ulimi liandike pembeni kama linavyotamkwa.

Hatua ya tano: jenga saa nzima kutokana na kadi

Hapa ndipo kipindi kinapopata roho. Ukiondoa habari za saa tatu kamili una dakika 55. Mimi huzigawa hivi: taarab mbili za dakika tisa tisa, 18, nyimbo sita za dakika tatu na nusu, 21, maneno yangu na ya wapiga simu, 11, matangazo, 5. Taarab inakula muda na uikubalie. Mtangazaji anayetaka nyimbo kumi na tano kwa saa atalazimika kuikata, na hapo ataharibu.

Maana taarab haikatwi popote. Ubeti ni jambo kamili: unafumba hapa, unafumbua pale. Ukizima baada ya ubeti wa pili, umemwacha mtunzi ametukana bila kujitetea, au amelalamika bila kujibiwa. Ikiwa muda umekubana, subiri fidla zirudi baina ya beti, hapo ndipo ushushe sauti taratibu, na useme wazi kwamba beti zilizobaki utazipiga kesho. Halafu kweli uzipige.

Kuunganisha wimbo na wimbo kuna njia tatu ninazoziamini. Ya kwanza ni ala. Akodiani ya taarab inakwenda vizuri na akodiani ya vallenato ya Colombia. Fidla ya kidumbak, ile taarab ya kundi dogo na ngoma ndogo, inamwita mpiga fidla yeyote wa mashambani duniani. Ya pili ni wizani: taarab ya wizani wa rumba, kisha rumba yenyewe kutoka Kinshasa, na msikilizaji anatikisa kichwa hajui amevuka mpaka. Ya tatu ni ngoma, na ndiyo niliyoitumia 17 Aprili. Nilianza na Bi Kidude na ngoma yake, nikaingia kwenye ngoma za mkono za nyabinghi za Marasta, kutoka hapo Marley, kisha chimurenga ya Thomas Mapfumo ambayo gitaa linaiga mbira, na mwisho nikarudi Unguja kwa taarab ndefu ya fidla. Kuhusu unyago lakini, muulize mama mtu mzima kabla ya kupiga. Kuna maneno humo ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, si ya hewani.

Tahadhari moja ambayo sikuambiwa na mtu, nimeijua kwa masikio. Wimbo ulio katika makamu, yaani mpangilio wa sauti wa Kiarabu, ya bayati au rasti una sauti zilizo katikati ya funguo za piano. Ukimaliza huo ukapiga papo hapo wimbo wa kinanda wa kizungu, ule wa pili utasikika kama umekosewa, hata kama umepigwa sawasawa. Sikio linahitaji kupumzika. Weka maneno ya nusu dakika, au ngoma tupu, au sauti ya bahari ya Forodhani uliyoirekodi mwenyewe.

Kadi nyingine zinajijenga zenyewe. Tarehe 6 Februari alizaliwa Bob Marley mwaka 1945, na tarehe hiyohiyo mwaka 2022 alifariki Lata Mangeshkar. Usiku huo wazee waliokuwa wakipanga foleni sinema ya Majestic pale Vuga wanapata wao, na wajukuu wanapata wao, ndani ya saa moja, nyumba moja, redio moja.

Hatua ya sita: okoa sauti za zamani

Utajiri wa kipindi hiki uko ndani ya makabati ya watu. Ukipewa kanda ya zamani usiitumbukize tu kwenye mashine. Ifungue kwa mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, ni ukungu wa unyevu. Iweke mbali na kanda nyingine na umpe anayejua kuisafisha. Tazama kile kipande kidogo cha sufi kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha mashine. Kwenye kanda za zamani huwa kimeng'oka, na bila hicho sauti inakuwa kama inatoka chini ya mto. Chukua kipande kutoka kanda mbovu, kibandike kwa gundi kidogo.

Kisafishe kichwa cha mashine kwa pamba yenye spiriti. Peleka kanda mbele mpaka mwisho, irudishe, ndipo urekodi. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mlalo wake. Izungushe kidogo kidogo huku umevaa hedifoni. Nyimbo za kidumbak ndizo nzuri za kupimia: sikiliza cherewa, zile za kutikiswa mkononi. Mwanzoni zinasikika kama mchanga uliolowa, kisha, kwa robo ya mzunguko tu, kila punje inajitenga na mwenzake. Hapo simama. Ukiendelea unapoteza tena.

Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, hifadhi faili la WAV bila kulisafisha, na ufanyie usafi nakala. Audacity ni ya bure na inatosha. Usiondoe mkwaruzo wote. Ukizidisha, sauti ya udi inageuka plastiki. Santuri za zamani za mizunguko 78 zina dakika kama tatu kila upande, hivyo wimbo mrefu uligawanywa pande mbili. Unganisha pande hizo kabla ya kupiga. Mrudishie mwenye kanda mali yake pamoja na nakala.

Ruhusa nayo ishughulikie mapema. Hakikisha kituo chako kiko sawa na COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, na kwa rekodi ambayo haijawahi kuuzwa, kaombe kilabu chenyewe au familia. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe. Mara nyingi utatoka na ruhusa, kahawa, na tarehe tatu mpya za sandukuni.

Hatua ya saba: ndani ya studio

Hapa sina mengi. Maikrofoni iwe umbali wa ngumi moja na kidogo kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" isipasuke. Rekodi za zamani ni za chini na za sasa ni za juu, kwa hiyo zisawazishe kwa wastani wa sauti, si kwa kilele. Panga faili kwa namba za usiku huo, na uwe na nakala kwenye kidude cha pili. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika kumi na tano kitakuokoa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya nane: swali la usiku na simu

Uliza swali moja tu, na jibu liwe ndani ya nyimbo utakazopiga, ili anayesikiliza kwa makini ashinde hata kama hakusoma popote. "Taja ala mbili unazozisikia katika wimbo huu kabla mwimbaji hajaanza" ni swali zuri. Mwaka wa kuzaliwa wa mtu ni swali bovu, linamnufaisha mwenye simu ya intaneti. Usiwatoze watu pesa kujibu ili mmoja apewe zawadi. Hiyo ni kamari na wazee watakuzimia redio. Zawadi iwe salamu zake na wimbo autakao wiki inayofuata.

Mpiga simu akikusahihisha, mshukuru, mwambie utaangalia, na usibishane naye hewani. Muulize anakumbuka kwa sababu gani. "Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa pili" ni ushahidi mzito, maana cheti cha kuzaliwa cha huyo mtoto kipo.

Kipindi kikimalizika usiondoke na kadi mfukoni. Kaa dakika tano. Andika nyuma yake ulichopiga, nani alipiga simu kutoka wapi, alisema nini, na lipi la kuhakiki. Kadi yangu ya 17 Aprili sasa ina karatasi mbili zimebandikwa kwa pini. Ya karibuni ni ya mzee wa Mkoani aliyesema anayo kanda ya Bi Kidude iliyorekodiwa arusini, lakini mashine yake imeharibika. Boti ya kwenda Pemba nimeshaulizia.